Vumbi la Ruiru si adui mkubwa wa midoli yako

Leo naweka msimbo kando kidogo. Wiki jana nilikuwa nyumbani Thika, na nimerudi Ruiru na hasira ambayo lazima niitoe mahali.

Kwanza nikiri. Mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nakusanya midoli. Si ya kuchezea, ni zile sanamu ndogo za wahusika wa katuni na filamu: Goku, Spider-Man, Optimus Prime na wenzao. Nyingi nilizipata kwenye mitumba nikiwa mwanafunzi, nikichakura marundo ya vitu vya watoto soko la Makongeni. Chache nilinunua mpya kwa mshahara wangu wa kwanza. Cheka umalize, kisha tuendelee :-)

Mwaka 2016 nilihamia Ruiru, nyumba ya kupanga, barabara ya murram nje ya dirisha. Anayekaa pande hizi hahitaji kuelezwa. Udongo mwekundu, ujenzi kila ploti, malori ya mawe ya Ndarugo yanapita mchana kutwa. Ikifika Januari na Februari unapangusa meza asubuhi, na jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ndani ya kompyuta yangu feni inavuta vumbi mpaka inaanza kukohoa. Sasa utaweka Goku wako wa bei hapo?

Kwa hiyo nilifanya nilichodhani ni busara. Sanamu nzuri kabisa nilizifunga kwa gazeti, moja moja, nikazitia kwenye juala (zilikuwa bado halali, marufuku ilikuja Agosti 2017), nikakaza fundo, nikapanga kwenye katoni na kuiacha stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya wazazi, Thika. Zile za kawaida nikaja nazo Ruiru nikaziweka kwenye rafu wazi, zipigwe na vumbi zikitaka. Na moja, Spider-Man mdogo, mama aliichukua tu akaiweka kwenye kabati yake ya vioo, katikati ya zile glasi ambazo sijawahi kuona mtu akizinywea maji.

Wiki jana nikafungua katoni kwa mara ya kwanza. Mnisikie vizuri: hakuna hata chembe ya vumbi iliyoingia. Na karibu kila kitu kimeharibika. Goku ananata kama amepakwa asali, na mgongoni ana kichwa cha habari cha gazeti kilichojichapa kinyumenyume. Miguu imelegea, ameinama kama mzee. Sanamu mbili zimegandana. Moja iliyokuwa na sponji ndani imekuwa unga. Programa yeyote atanielewa: ni kama kufungua bekapu siku ya shida na kukuta faili zote zimeoza. Zile za Ruiru zilizokula vumbi miaka yote hiyo? Chafu, lakini nzima. Na Spider-Man wa mama ni kama ametoka dukani jana.

Sasa tuulizane, nini kilitokea?

Sanamu nyingi za aina hii zina PVC. PVC yenyewe ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na vilainishi, kemikali za mafutamafuta zinazoifanya iwe laini na iweze kupata umbo la nywele na nguo. Vilainishi hivyo havikufungwa kwa pingu humo ndani. Polepole vinasafiri kuja juu, na joto linaviharakisha. Ndio ule unato. Vikikutana na wino wa gazeti vinauyeyusha. Vikigusa plastiki ya aina nyingine vinaweza kuihamia na kuilainisha. Kama una kifaa cha michezo cha zamani ulichokizungushia waya wake ukakiweka miaka, kitazame: mara nyingi utakuta waya umechimba mfereji kwenye kasha. Ni ugonjwa huohuo.

Hapa kuna ubishi ambao naupenda. Wakusanyaji wengi watakwambia sanamu ya PVC lazima ipate hewa, ukiifungia inanata. Lakini Yvonne Shashoua, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark na mwandishi wa kitabu Conservation of Plastics (2008), alionyesha kwamba chombo cha glasi kilichofungwa hupunguza kasi ya PVC kupoteza vilainishi, ilhali mfuko wa polithini huvinyonya na hivyo kuviita vitoke zaidi. Wewe unaweza kuchagua upande wako. Mimi ninachoona ni kwamba pande zote mbili zinalaani kile nilichofanya mimi: juala, tena juani, chini ya bati la Thika.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na najua itawaudhi wenzangu wa kufunga funga: tunaogopa vumbi kwa sababu tunaliona. Joto hatulioni likifanya kazi. Mwanga hatuuoni ukifanya kazi. Sisi tuko digrii moja hivi kusini mwa ikweta, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na urujuanimno wa hapa hauna mchezo. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia sehemu tu ya mionzi hiyo. Optimus Prime wangu wa Ruiru amegeuka manjano upande mmoja tu, upande wa dirisha. (Ndiyo, najua ile mbinu ya haidrojeni peroksaidi, Retr0bright, ambayo wapenzi wa kompyuta za zamani waliisambaza kuanzia mwaka 2008. Inafanya kazi, lakini manjano inaweza kurudi.)

Simaanishi vumbi ni rafiki. Ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi na plastiki yoyote uliyo nayo. Ukisugua kwa kitambaa kikavu unapiga msasa. Isitoshe, kule kusugua kunaipa plastiki chaji ya umeme, inavuta vumbi jingine haraka zaidi. Tumia brashi laini, zile za vipodozi zinatosha. Kama uchafu umeshika, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha acha ikauke kivulini. Sanamu yenye betri, sponji au stika usiitumbukize. Na betri zitoe leo, usingoje zivuje. Thina, petroli, dawa ya kutoa rangi ya kucha: hapana, hapana, hapana. Spirit nayo inaondoka na rangi. Nimefuta nyusi za mtu mzima kwa njia hiyo.

Kabati ya mama inafanya nini basi? Iko kwenye ukuta wa ndani, jua haliifikii. Chumba kina dari, bati halichomi moja kwa moja. Milango ya vioo inazuia vumbi lakini haibani kama mfuniko wa chupa. Glasi haziguzani na Spider-Man. Hakuna teknolojia hapo zaidi ya fundi wa Thika na mwanamke asiyetaka vitu vyake viguswe.

Ukitaka yako, fundi wa mbao yeyote wa Ruiru ataitengeneza. Mwambie tu asikukabidhi leo ukapanga leo. Vanishi mpya, mbao za kubandikwa kwa gundi, na ile silikoni yenye harufu ya siki, vyote vinatoa mvuke usiofaa. Iache wazi wiki kadhaa mpaka harufu iishe. Ukiweka taa, iwe ya LED, na kile kisanduku chake cha umeme kikae nje kwa sababu kinapata moto. Chini weka kioo au kigae, usiweke kitambaa cha plastiki.

Goku nimemwosha. Unato umepungua, na najua utarudi. Kichwa cha habari mgongoni hakitoki, ukitumia kioo unaweza kukisoma. Zile zilizogandana sijathubutu kuzivuta.

Nilimwuliza mama kama naweza kuleta nyingine kwenye kabati yake. Akanitazama, akatazama midoli iliyotandazwa kwenye gazeti sebuleni mwake.

"Na mtoto utamleta lini, mwanangu, ama ni hawa?"

Amenipa rafu moja, ya chini. Sharti: glasi zake zisisogezwe hata kidogo.