Tulikwenda na rozari, hatukumwita muuguzi

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mama wa mwenzetu mmoja, mjane mzee aliyekuwa amekwisha kusahau majina ya wajukuu wake, aligeuka kwa muda wa siku mbili tu. Alikuwa mpole; sasa alipiga kelele usiku, alizungumza na marehemu mumewe, akamfukuza binti yake akimwita mwizi. Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Sisi tulikwenda na rozari jioni tatu mfululizo. Siku ya nne muuguzi mmoja wa shirika letu alipita kumsalimu, akauliza neno ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza: je, mama anapata haja ndogo vizuri? Alikuwa na maambukizi katika njia ya mkojo, nayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika damu.

Sala haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuridhika nayo, huku mgonjwa akichelewa kutibiwa.

Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika kwa saa chache au siku mbili, akawa mkali kuliko kawaida yake, au akasinzia mchana kutwa na kukataa chakula, kuna jambo jingine mwilini: mkojo, mapafu, malaria, upungufu wa maji, pengine dawa mpya. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto la mwili kupanda. Apelekwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba wiki iliyopita hakuwa hivyo. Asipoambiwa, atadhani ni uzee tu.

Basi mama akalazwa. Kwetu Bukavu, kama kwingi nchini, mgonjwa hulazwa pamoja na jamaa yake: chakula, shuka, kumwogesha, kununua dawa, yote ni juu ya nyumba yake. Binti alikuwa peke yake. Usiku wa pili usingizi ulimshinda, mama akang'oa serumu, na watu wa chumbani wakashauri afungwe mikono. Hapo ndipo tulipogawana zamu.

Kwanza tulikwenda wengi mno, tukamtia hofu. Tukabaki wanne, sura zilezile kila siku. Tulimletea miwani yake, tukawasha taa ndogo usiku, tukampa maji kidogo kidogo. Msichana anayejua Mashi, lugha ya utoto wa mama, alimtuliza kuliko sisi sote na Kiswahili chetu. Alipomwita mumewe tuliacha kumjibu kwamba amekufa, maana kila mara alilia upya. Tulimwomba atusimulie habari zake.

Sikukuu ya Familia Takatifu tunasomewa Yoshua bin Sira, sura ya 3, inayomtaka mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Tulidhani ni agizo kwa mwana peke yake. Lakini mwana mmoja hawezi kukesha siku 12. Kila kikundi, kiwe cha Xaveri, cha Kiro au cha kwaya, kiwe na orodha ya zamu za wazee wagonjwa, kama kilivyo na ratiba ya mazoezi.

Mama alirudi nyumbani. Utulivu wake ulichukua majuma kadhaa zaidi. Majina ya wajukuu hayakurudi. Kijana mmoja aliyekesha naye humwita Baba, naye huitika.