Marto, kaske na botini: nani anaulizwa mbele ya kununua?



Leo tunasema juu ya jambo ambalo ndani ya nyumba za wachimbaji linajulikana sana, lakini ku biro halijulikani. Mufanya kazi akipata kaske mupya, siku ya kwanza anaivaa vile ilivyo. Siku ya pili anatia kitambaa ndani, sababu inacheza juu ya kichwa. Akipata botini zenye kumubana, anachukua kisu na kupasua kidogo upande wa kidole. Maski ikimunyima pumzi wakati wa kubeba, anaishusha mpaka ku shingo, na kule inabaki mpaka shanje inaisha. Lampi ikiteleza, anaifunga na kipande cha mupira wa kinga. Kiisha shefu anapita, anaona, anaandika: huyu mutu hafwati amri ya usalama.

Sisi tunasoma mambo hayo namna ingine. Kile kitambaa na kile kisu ni kama barua. Zinasema: yule aliyebuni chombo hiki hakuniona, wala hakuniuliza.

Iko kazi moja duniani ambayo wanaiita dizaini ya viwanda. Watu mingi wanafikiri ni kazi ya kupamba tu, kupaka rangi muzuri juu ya frigo ao simu. Hapana. Ni kazi ya kuamua, mbele kiwanda hakijaanza, chombo kitakuwa na uzito gani, mukono utashika wapi, kitafunguliwa namna gani na mutu aliyevaa maga, kikivunjika nani atakitengeneza na kwa kipande gani. Fundi wetu wa Katuba anayekunja bati kwa kufanya mbabula, naye anafanya kazi ile ile. Lakini yeye iko na bahati moja: mama aliyenunua mbabula Siku ya kwanza, Siku ya pili anarudi nayo mukononi. "Baba, ona, miguu yake ni mifupi, inachoma sima yangu ya chini." Fundi anasikia, mbabula ya kesho inakuwa na miguu mirefu. Kiwanda kiko mbali. Kinatengeneza vitu elfu makumi kwa mara moja, na yule mama hana njia ya kufika kule. Njo maana kiwanda chenye akili kinatuma watu kumutafuta yeye: kumupima, kumuangalia akifanya kazi, kumuuliza. Ile njo utafiti. Na mahali utafiti ule unakosekana, kosa moja la karatasi linarudiliwa mara elfu makumi, na miili ya watu njo inalipa.

Tuchukue mufano wa marto ya kutoboa mawe, sababu hapo mambo ni ya uzima na kifo.

Zamani, kutoboa shimo la baruti ilikuwa kazi ya nyundo na chuma: mumoja anashika chuma, mwenzake anapiga. Katika karne ya 19 mashini za upepo zikaingia. Kule Marekani, katika muji wa Denver, kulikuwa fundi moja jina lake John George Leyner. Karibu na mwaka wa 1897 alitoa marto mupya. Alikuwa amefikiri sana: chuma cha kutobolea alikitoboa katikati kama mufereji, na upepo ulipita ndani yake mpaka chini ya shimo na kufukuza unga wa mawe inje. Juu ya karatasi, chombo kizuri kabisa. Shimo linabaki safi, chuma hakikwami, kazi inakwenda mbio. Lakini ule unga ulikwenda wapi? Ulikwenda mu uso wa mutu aliyeshika mashini. Wachimbaji wakaijaribu, wakaona, wakakataa kuitumia.

Hapo njo tunamuheshimu Leyner. Hakusema ni wavivu, hakusema hawajui kitu. Alirudi ku atelie na kupitisha maji pamoja na upepo ndani ya kile chuma. Maji yakageuza unga kuwa matope, matope yakateremuka chini. Umbo lile likashinda: baadaye kampani kubwa Ingersoll-Rand ililichukua, na hata leo marto ya maji tunayoijua katika mine za chini ni mujukuu wake. Wachimbaji wa Marekani walikuwa wamezipa mashini za kukauka jina lao wenyewe: mutengeneza wajane. Jina lile halikutoka kwa daktari wala kwa injeniere. Lilitoka kwa wale waliozika.

Sababu unga wa mawe yenye silika si kama vumbi la barabara. Vumbi la barabara unaliona, unakohoa, unatema. Ule unga mubaya ni mudogo sana, jicho haliuoni, na pua hauuzuii. Unafika mpaka chini kabisa ya mapafu, unabaki, na mapafu yanafanya kovu juu yake. Ugonjwa wake ni silikoze, na dawa ya kuuponyesha hakuna. Unaweza kutokea miaka kumi ao makumi mbili kiisha mutu ameacha kazi, wakati sosyete imekwisha kumusahau. Tena ule unga haubaki ku mine. Unarudi ku nyumba ndani ya nguo, na mama anayekunguta koti la kazi mbele ya kulifua anaupumua naye, na mutoto wa ku mugongo pia.

Sasa tuseme wazi. Marto ya maji inajulikana tangu zaidi ya miaka 120. Mahali fulani huku kwetu watu wangali wanatoboa kavu: mutuyo wa maji umepasuka na haujatengenezwa, ao mashini ilinunuliwa bila sehemu yake ya maji, ao maji yanapunguza mwendo na primi ya mwezi inahesabiwa kwa metre. Kusema "tuko na mashini ya kisasa" si jibu. Mashini iliyobuniwa na maji, kiisha ikafanya kazi bila maji, ni ile ile mutengeneza wajane.

Lampi nayo inatufundisha, na fundisho lake ni chungu. Tarehe 25 ya mwezi wa tano 1812, gazi ililipuka katika mine ya makaa ya Felling, Uingereza, na watu 92 wakakufa, wengine watoto. Kiisha pale wakamuomba mutu wa elimu kubwa, Humphry Davy, atafute taa isiyowasha gazi. Mwaka wa 1815 alipata njia: kuzungusha moto na wavu wa nyuzi za chuma. Joto linapotea mu wavu, moto hautoki. Hakutaka kuandikisha haki ya kuuza peke yake. Aliitoa kwa wote. Mwaka ule ule, George Stephenson, fundi wa mashini wa mine ya Killingworth aliyejifunza kusoma akiwa mukubwa, alikuwa ametengeneza lampi yake kwa kujaribu chini ya udongo, pale gazi inatoka. Watu wa heshima hawakuamini kama mutu bila shule kubwa anaweza kufanya vile. Magombano yao yalikuwa marefu.

Lakini ona mambo ya kiisha. Wavu ule ulikula mwangaza. Wachimbaji wengine wakafungua lampi juu ya kuona kazi, na hatari ikarudi. Wenye mine nao, walipoona kuko lampi ya usalama, wakawarudisha watu katika mashimo yaliyoachwa juu ya gazi mingi. Komite ya wabunge wa Uingereza ilihesabu mwaka wa 1835: katika Durham na Northumberland, miaka 18 mbele ya lampi watu 447 walikufa, miaka 18 kiisha lampi, watu 538. Makaa yaliyotolewa yalikuwa yameongezeka, ni kweli. Lakini hesabu ile inatosha kuonyesha kama chombo kizuri hakimuondolei mukubwa wa kazi daraka lake. Kumupa mutu lampi hakutoshi, ikiwa unamupa juu ya kumutuma mahali ambapo jana ulikatazwa kumutuma.

Siku hizi lampi ya kichwa ni ya LED, ni nyepesi, na betri yake mingi iko na kobalti. Kobalti inatoka hapa kwetu, zaidi ya nusu ya ile ya dunia yote. Inapita bahari, inarudi imefungwa ndani ya lampi, na tunailipa. (Hiyo ni habari ya siku ingine.) Jambo la kutazama ni hili: jicho la baba wa miaka 55 halipate mwangaza sawa na jicho la kijana wa miaka 25. Mboni yake haifunguke sana, lenzi yake imegeuka manjano. Lampi inayotosha kwa kijana inaweza kumuangusha muzee juu ya reli. Je, wakati wa kuchagua lampi, kuna muzee aliyeshuka nayo kwa kuijaribu?

Watatuambia: vyombo vyetu vina norme ya kimataifa, vimepimwa. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini norme inaangusha uzito juu ya kaske mu laboratware, na kaske inavumilia. Haipime kama mutu ataivumilia masaa nane katika joto, jasho linaingia mu macho. Kaske iliyowekwa pembeni haikingi kichwa.

Watatuambia tena: haiwezekani kumutengenezea kila mutu chombo chake, tunanunua kwa mutu wa katikati. Basi, jeshi la ndege la Marekani lilijaribu kumutafuta mutu yule. Mwaka wa 1950 Gilbert Daniels alichukua vipimo vya marubani 4.063, akachagua vipimo 10: urefu, kifua, mikono na vingine. Alitafuta ni wangapi wako katikati kwa vyote 10. Hakupata hata mumoja. Kiti kilichofanywa kwa mutu wa katikati kilikuwa hakimufai mutu yeyote. Njo wakaanza kufanya viti vinavyosogea na mikanda inayolegezwa ao kukazwa. Mukanda wa ndani ya kaske, unaokazwa kwa kuzungusha kifungo, ni akili ile ile. Tofauti ya bei si kubwa.

Na wanawake? Leo kuna mama na dada zetu wanaoendesha makamyo makubwa ya karieri, wengine wako mu laboratware, wengine wanasafisha na kuchagua mawe. Wengi wao wanapewa botini za wanaume, namba ndogo kabisa, na soksi tatu ndani. Wanapewa ovaroli ya kipande kimoja: juu ya kwenda ku choo ni lazima kuvua yote mpaka chini, na choo chenyewe kiko mbali. Basi mama anapunguza kunywa maji tangu asubui. Katika joto la Kolwezi mwezi wa kumi! Pale si lazima kuita mutaalamu. Mama moja aliyeketi kwenye meza ya komande angelisema kwa dakika mbili: nguo iwe vipande viwili.

Kwa wachimbaji wa mikono, makrezeri, mambo ni magumu zaidi, sababu wao hawana depo wala delegue. Wananunua ku soko: toshi ya bei ndogo, kamba iliyokwisha kutumika, ndara mu miguu. Lakini katika wao kuna akili mingi ya kubuni, kuanzia namna wanavyofunga toshi ku kichwa mpaka namna wanavyoshusha mifuko. Koperative zao zingeweza kununua kwa pamoja na kusema na muuzaji kwa sauti moja.

Tunaomba nini basi? Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inajua komite ya usalama na usafi ndani ya sosyete. Komite ile ipewe kazi hii: mbele ya kununua kaske 2.000, zinunuliwe 10 za namna tatu. Wapewe watu 10 — kijana, muzee, mwanamuke, mwenye kichwa kikubwa, mwenye miwani — kwa mwezi mumoja wa shanje za kweli. Maneno yao yaandikwe, hata ya yule asiyejua kuandika, na karatasi ile iwekwe pamoja na bei mbele ya yule anayesaini. Ku Lubumbashi tuko na Chuo Kikuu chenye Polytechnique. Wanafunzi wake wanatafuta kila mwaka habari ya kufanyia memware. Wapime vichwa, mikono na miguu ya wafanya kazi wa Kipushi, Likasi na Kolwezi. Muuzaji atakayekuja na katalogi yake, sosyete imuonyeshe vipimo vile.

Kwenu wafanya kazi, neno letu ni hili: musipasue botini kwa kimya. Rudisheni ku depo, semeni inauma wapi, delegue aandike tarehe na namba. Botini iliyopasuliwa inakuwa kosa lako. Botini iliyorudishwa na maandiko inakuwa kosa la komande.

Na juu ya marto, delegue anaweza kuuliza neno moja tu mbele karatasi haijasainiwa: maji ya hii mashini yatatoka wapi, na siku yakikatika, mashini itasimama ao itaendelea?