Usiitundike Ukutani

Mwezi uliopita mjomba aliniita Handeni kwa kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja: mandolini ya marehemu babu iuzwe au ibaki. Mnunuzi alishafika, kijana mwenzetu kutoka Dar es Salaam, msomi na mpole, anayetafuta vitu vya kale vya kupamba mgahawa. Aliigeuzageuza, akaguna, kisha akasema: "Bahati mbaya si halisi. Mmebadilisha daraja."

Daraja ni kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la mandolini. La kwanza lilivunjika, babu akamwendea seremala wa hapahapa Handeni, akamchongea jingine la mpingo. Ni mpingo uleule ambao viwanda vya Ulaya hununua ili kutengenezea klarineti na obo. Ukichongwa Ulaya ni mti wa thamani, ukichongwa Handeni umeharibu chombo! Nina ugomvi na fikra hiyo, na ugomvi wenyewe si wa mgahawa mmoja.

Babu alikuwa mkata mkonge Korogwe. Mandolini aliachiwa na msimamizi Mgiriki aliyefungasha virago baada ya mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967. Ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, na hutyuniwa kama fidla ya kawaida. Babu alijifunza kwa kusikiliza redio ya jirani. Uzi ukikatika, hakukuwa na duka la kukimbilia. Alifumua waya wa breki ya baiskeli, maana nyuzi za ndani yake zina unene unaokaribiana na uzi mwembamba wa mandolini. Kwa nyuzi nene alizungushia waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini watu walicheza mpaka alfajiri.

Mjomba naye alikuwa na hoja yake. "Hiki ni chombo cha Wazungu," alisema. "Sisi Wazigua tuna zeze." Namheshimu mjomba, lakini hapo sikubaliani naye. Mkonge wenyewe ulioijenga Korogwe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Leo nani atathubutu kumwambia mtu wa Tanga kwamba mkonge si wake? Wanamuziki wa Mombasa waliichukua taishokoto ya Kijapani wakaitia kwenye taarab, na hakuna anayesikiliza akawaza Japani. Kitu huwa chako pale unapokitolea jasho na kukifanya kiseme maneno yako.

Sisemi kila anayeshika patasi aachiwe. Mandolini ilipohamishwa kutoka unyevu wa Korogwe kuja ukavu wa Handeni, mbao zilisinyaa na tumbo likapasuka. Fundi mmoja aliziba ufa kwa gundi kali ya dukani, ile ya kugandisha kila kitu. Sasa haubanduki bila kung'oa mbao. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na mvuke. Kanuni ninayoitetea ni hii: tengeneza kwa namna ambayo fundi wa kesho ataweza kufumua kazi yako. Kwa kipimo hicho, daraja la mpingo halina kosa lolote. Halikugundishwa popote, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukilegeza nyuzi, linatoka mkononi. Aliyelikataa hakuwa akilinda chombo, alikuwa akilinda bei.

Na ukutani ndiko mandolini inakofia kimyakimya. Nyuzi zilizokazwa bila mtu wa kuziangalia huvuta shingo mwaka hadi mwaka mpaka ipinde, na tumbo hudidimia. Bungua huingia, na hakuna anayesikia. Anayepiga kila jioni hujua mapema: uzi unalia vibaya, kiungo kinalegea, sauti imebadilika tangu masika yaanze. Kupiga ndiyo namna ya kwanza ya kutunza. Sisi vijana tunaojaza mitandao maneno kuhusu urithi, ni wangapi wanaoweza kubadilisha uzi mmoja? Tumegeuka wapiga picha wa vitu ambavyo wazee wetu walivifanyia kazi.

Najua hoja ngumu kuliko zote, nayo ni ada. Binti wa mjomba anaingia kidato cha tano, na fedha za mgahawa zilikuwa taslimu. Urithi haulipi karo, na mtu anayemlaumu mjomba huku mfuko wake umefungwa anapiga domo tu. Kwa hiyo niliomba niuziwe mimi, kwa bei ileile. Nusu nilitoa palepale, nusu nitamaliza kabla ya muhula kuanza. Mnunuzi alicheka, akauliza nitaifanyia nini ilhali sijui kupiga.

Swali zuri. Vidole vyangu vimeota sugu, na jirani amegonga ukuta mara mbili. Najua wimbo mmoja, tena nusu. Kama kwenu kuna chombo kilichotundikwa juu ya kabati la bibi, kishushe leo, ulegeze nyuzi, ufute vumbi, kisha umtafute mzee anayekumbuka kilivyokuwa kikilia. Hao ndio wanaotuishia haraka kuliko mbao.