Moto Huogopwa, Vumbi Hudharauliwa

Nataka kusema jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini kwangu si dogo hata kidogo. Ni habari ya kuitoa pete katika kalibu yake.

Baba yangu mdogo ni sonara huko Tanga, na kila likizo mimi humsaidia kazi. Kwa wasioijua kazi ya kusubu nitaeleza kwa ufupi. Pete huchongwa kwanza kwa nta, ikasimamishwa ndani ya mkebe wa chuma. Kisha humiminwa uji mzito wa jasi iliyochanganywa na unga wa silika, ukaachwa ugande. Mkebe hutiwa tanurini, na moto hupandishwa polepole hata kupita nyuzi 700 za Selsiasi. Nta yote huyeyuka na kuungua, ikaacha tundu lenye sura ya pete. Ndipo fedha au dhahabu iliyoyeyushwa humiminwa katika tundu lile. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962, na dhahabu kwa nyuzi 1,064. Kwa hiyo si ajabu kwamba wakati wa kumimina kila mtu husogea mbali na wanagenzi hunyamaza kimya.

Lakini madini yakisha kumiminwa, hofu yote huisha. Mkebe huachwa upoe kabisa, kisha huletwa nyundo. Jasi huvunjwa kavu kavu, vumbi jeupe likajaa chumba kizima. Likizo iliyopita nilimwona mwanagenzi mmoja, kijana wa rika langu, nyusi na kope zimekuwa nyeupe kama za mzee, naye anacheka. Baba mdogo hakucheka, maana alikuwa akikohoa. Yeye husema ni baridi ya kipupwe. Kipupwe huja kikapita. Kikohozi chake nimekisikia hata mwezi wa Desemba.

Maoni yangu ni haya: katika kazi ile, vumbi la mwisho ni adui mkubwa kuliko moto wa mwanzo. Moto ukikuunguza utajua saa ile ile. Vumbi la silika halikuambii neno. Chembe zake zilizo mbaya zaidi hazifiki sehemu moja ya mia ya milimita. Hazionekani kwa macho, nazo huingia ndani kabisa ya mapafu zikakaa huko. Baada ya miaka mapafu hufanya makovu na pumzi hupungua. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, wala hauna dawa ya kuuponya; tena hukifungulia kifua kikuu mlango. Mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yalianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu duniani kote. Basi si jambo la kuchekea nyusi nyeupe.

Na kinga yake ni nini? Ni maji.

Madini yakisha kumiminwa, mtu angoje mpaka wekundu wa kile kipande kinachobaki mdomoni mwa mkebe utoweke, akiutazama kivulini. Kisha aushike mkebe kwa koleo refu, auzamishe wote katika ndoo kubwa ya maji. Maji huchemka kwa kishindo, na mvuke wenyewe huipasua jasi, pete zikatoka. Asifanye haraka, kwani akiutia mkebe ungali mwekundu, maji ya moto yatamrukia, na pete yenyewe yaweza kupasuka. Wala asiinamie ndoo. Avae miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi, viatu vya kufunika miguu, na barakoa ya kuzuia vumbi, si kitambaa tu. Milango na madirisha yawe wazi. Jasi iliyosalia aisugue kwa brashi ndani ya maji. Tope lisimwagwe katika bomba la maji machafu, maana litaganda humo. Liachwe lituame, kisha litupwe lingali bichi ndani ya mfuko. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu.

Wako watakaosema kwamba pete nyingine hutiwa vito tangu zikiwa za nta, na vito vikitumbukizwa majini vingali vya moto hupasuka. Ni kweli. Lakini hiyo si sababu ya kuleta nyundo. Mkebe huo uachwe upoe kabisa, kisha uloweshwe, na jasi ivunjwe ndani ya maji.

Wengine watasema kwamba mtoto hamfundishi mzee kazi. Jambo hilo nami nililiogopa sana. Sikumkosoa baba mdogo mbele ya wanagenzi wake. Nilingoja jioni, nikamwamkia, nikamwambia, "Baba mdogo, naomba kesho uniachie mkebe mmoja niuvunje mimi." Kesho yake niliuzamisha ndooni. Akazitazama pete, akazigeuza mkononi, akasema, "Zimetoka safi. Lakini umenilowesha sakafu." Tangu siku hiyo ndoo ipo karibu na mlango. Nyundo nayo bado ipo, na harusi zikiwa nyingi na kazi ikitakiwa upesi, nyundo ndiyo ichukuliwayo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Kemia wasiishie kutuandikia ubaoni kwamba silika ndiyo mchanga. Watueleze pia ifanyavyo kifuani mwa mtu. Wazazi nawaomba wamsikilize kijana asemaye kwa adabu. Nanyi wenzangu wa Kidato cha Nne, baada ya mtihani tutatawanyika, wengine kwenda kukata mawe, wengine migodini, wengine kwa masonara. Kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni maji yako wapi.

Mimi nikijaliwa kurudi Tanga, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi itakuwa kuijaza ile ndoo.