Kabla ya kumuita mutoto mulozi, mupime masikio

Ndugu wasikilizaji wa Makiso, na nyinyi jamaa muliokimbia Lubunga mukavuka mto kuja kwetu, leo nina neno juu ya watoto wasioitika.

Juma lililopita mama mumoja aliniketisha katika lupango anamoishi na jamaa zingine tatu. Mutoto wake ana miaka mitano, hasemi. Ukimuita jina, hageuki. Nyanya anasema ni vita ya 2023, wakati Wambole na Walengola walianza kuuana: mutoto alishituka, ulimi ukafungwa. Jirani anasema ni ulozi, na kuna chumba cha maombi ambamo wanataka kumufungisha mutoto siku tatu bila chakula. Mama amechoka na maneno hayo yote. Nikamuuliza: nani amemupima masikio? Hakuna.

Huko Kenya, katika pwani ya Kilifi na Mombasa, watafiti Joseph Gona, Amina Abubakar, Charles Newton na wenzao waliketi na wazazi, walimu na wanganga wakawauliza otizimu inatoka wapi (Waswahili wa kule wanaiita usonji). Walitoa matokeo mwaka 2015. Wengine walijibu pepo, ulozi, laana. Wengine walisema magonjwa, uzazi mugumu, damu ya ukoo. Wazazi walikuwa wanakwenda kwa waganga wa kienyeji na hospitalini pia. Ukiisoma, utafikiri waliandika juu ya avenyu zetu.

Na wasomi pia wanakosea. Leo Kanner, munganga wa Marekani aliyeeleza otizimu mwaka 1943 kwa kuangalia watoto 11, aliona kwamba wamoja kati yao walikuwa wamedhaniwa kuwa viziwi. Kinyume chake kipo vilevile: kiziwi anaitwa mupumbavu, na shule inamurudisha nyumbani. Tena kuna watoto wenye yote mawili. Ndiyo sababu kazi inaanza na masikio. Hakuna damu ya kutoa ili kuona otizimu. Munganga anamuangalia mutoto muda murefu na kuuliza wazazi. Lakini sikio linapimwa kwa mashine, hata mutoto muchanga akiwa amelala.

Hapa Tshopo sababu za uziwi si siri. Menenjiti iliyoua watu Banalia mwaka 2021 inaweza kumuachia mutoto uzima na kumunyanganya masikio. Surua pia. Usaha unaotoka sikioni miezi na miezi, na sisi tunatia mafuta ya moto (acheni hiyo, wamama, tafazali). Sindano za gentamisini zinazopigwa nyumbani bila kipimo, na kinini kupita kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa.

Kuhusu vita, sikatai. Mutoto aliyeona nyumba ikiungua anaweza kunyamaza. Ila tumeifanya vita kuwa jibu la kila kitu, na jibu hilo linatuzuia kutafuta. Kama mutoto alikuwa hageuki tangu mbele ya kukimbia, mama ndiye anajua, aulizwe yeye.

Kwa wale wa chumba cha maombi: kumushitaki mutoto ulozi kumekatazwa na Katiba yetu, kipengele cha 41, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inatoa azabu. Ombeni, lakini mutoto ale.

Wanaoandikisha wakimbizi nao niwaambie. Nimeona daftari zao: jina, umri, mume ao muke, walitoka wapi. Hakuna mustari wa kuuliza kama mutoto anasikia. Ni mustari mumoja tu. Ungewapa wauguzi orodha ya watoto wa kupimwa, badala ya kungoja wazazi wasio na hata pesa ya toleka.

Yule mama nilimuambia aende kwenye kituo cha afya aombe karatasi ya kumufikisha kwa munganga wa masikio. Wakati tunaongea, mashine ya kusaga ya jirani iliwaka. Mutoto alifunika masikio kwa mikono miwili. Mama akaniangalia, nami sikujua la kusema. Tunakwenda Jumatatu.