Wati za Kwenye Kasha



Wazee wetu walipokwenda sokoni kununua mchele, waliitazama pishi kabla ya kuuliza bei. Walijua kuwa pishi moja ni vibaba vinne, na walijua pia kuwa pishi iliyobonyezwa kitako hujaa machoni na kupungua jikoni. Leo mchele wetu hupimwa kwa kilo, lakini pishi iliyobonyezwa haijatoweka. Imehamia kwenye maduka ya vyombo vya umeme, na jina lake ni wati.

Tuanze na yaliyotufika sisi wenyewe. Akina mama wa darasa la baada ya Alasiri, linalokutana nyumbani kwetu, tulichanga kidogo kidogo tangu Mfunguo Sita hadi Shaabani. Nia yetu ilikuwa kununua risiva na spika zake, ili mwezi wa Ramadhani walioketi ukumbini, chumbani na uani wote wamsikie mwalimu sawasawa. Dukani kijana alituonyesha kasha lililoandikwa wati 8,000 kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. "Mama, hii itasikika mtaa mzima," alisema. Tukalipa. Siku ya kwanza, sauti ilipopandishwa kidogo tu ili ifike uani, ikaanza kukwaruza na kupasuka, na maneno ya mwalimu hayakufahamika. Tuliporudi dukani tukaambiwa kuwa kasha likishafunguliwa mali hairudishwi. Ndipo tulipokigeuza kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma: umeme kinaotumia ni wati 60.

Hapo hesabu ni nyepesi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Amplifaya haizalishi nguvu. Huichukua kutoka kwenye soketi, sehemu moja ikawa sauti na nyingine ikapotea kama joto. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na plagi yetu ya kawaida ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120, nao ndio mwisho wa plagi hiyo. Pasi ya nguo ya wati 1,000 tunajua inavyochoma. Je, kisanduku kisichochoma hata kiganja kitakuwa na nguvu ya pasi nane?

Basi hizo elfu nane hutoka wapi? Njia za kuibonyeza pishi hii ni nyingi, nasi tutazitaja tatu.

Ya kwanza ni kupima kilele badala ya wastani. Sauti hupanda na kushuka kama wimbi, na katika wimbi lililo safi nguvu ya kileleni ni mara 2 ya wastani wake. Muuzaji akitaja kilele peke yake, ameshaiongeza mali yake maradufu. Zile herufi PMPO zilizo kwenye makasha mengi huvuka hata mpaka huo, kwa kuwa hazina kanuni yoyote iliyokubaliwa. Kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Wati za kutumainiwa ni zile ambazo kifaa huweza kuzitoa mfululizo, na mara nyingi huandikwa RMS.

Ya pili ni kupima spika moja na kuzihesabu zote. Risiva ya spika 5 au 7 huweza kuandikwa wati 100 kwa kila spika, ilhali ilipimwa spika moja au mbili tu zikilia na nyingine zimenyamaza. Zikilia zote pamoja hugawana umeme ule ule, kama watoto saba wanaogawana sinia lililopakuliwa la wawili.

Ya tatu ni kuchagua masharti mepesi: kupima kwa mlio mmoja wa katikati, wa hezi 1,000, pasipo sauti nzito wala nyembamba, kutumia spika ya ohmu chache, na kuruhusu mkwaruzo wa asilimia 10, kiasi ambacho sikio hukikataa. Kila sharti likilegezwa, idadi ya wati hupanda, na kifaa ni kile kile.

Udanganyifu huu haukuanzia kwetu. Huko Marekani, mashindano ya wati yaliwachosha wanunuzi hata Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni mwaka 1974, ikiwataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani waseme masharti ya kipimo chao. Mwaka 2024 kanuni hiyo ikakazwa zaidi: kipimo kiwe kwa ohmu 8, kwa sauti zote kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na mkwaruzo usifike asilimia 1. Hapa kwetu Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kunufaika nazo, na tunayo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini sheria haitufuati dukani. Macho yetu ndiyo yanayotangulia.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, tuulize: Hizi ni wati za RMS au za PMPO? Ni kwa kila spika au ni jumla? Zilipimwa kwa ohmu ngapi, na kwa mkwaruzo wa asilimia ngapi? Kisha tukigeuze kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma. Kibandiko nacho si mizani kamili, kwa kuwa baadhi ya viwanda huandika umeme unaotumika sauti ikiwa ya kiasi. Hata hivyo, 60 na 8,000 haziwezi kuwa ndugu. Mwisho, tuombe kiwashwe papo hapo, kichezwe kisomo tunachokijua, na sauti ipandishwe hadi pale tutakapoihitaji.

Tujue pia kuwa wati nyingi si lazima. Kisomo cha Qur'ani kikisikilizwa sebuleni kwa sauti ya wastani, wati chache tu hutosha. Kutoka wati 50 hadi 100 sikio husikia nyongeza ndogo, wala si sauti maradufu. Wati 30 za kweli zina heri kuliko maelfu ya karatasi. Debe tupu, wahenga walishasema, haliachi kuvuma.

Tunamalizia kwa neno kwa ndugu zetu wenye maduka. Katika Qur'ani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Na tumepokea habari ya Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkanya muuzaji kwa ukali. Kijana aliyetuuzia huenda hakujua. Alisoma kasha kama tulivyolisoma sisi. Lakini sasa tumejua, na anayejua huwajibika. Tulimrudia, si kwa ugomvi, tukamwonyesha kibandiko. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama, mimi nimeuza nyingi za namna hii."

Fedha zetu hazikurudi. Risiva ile tumeiweka chumbani, ambako hutosha kwa watu wachache, na uani mwalimu husimama na kusema kwa sauti yake mwenyewe. Darasa lingali likiendelea, walhamdulillah.

Wabillahi tawfiq.