Chunusi si Uchafu, Acheni Kuwasugua Mabinti

Jumapili moja hapa Kasulu mhubiri aliacha Maandiko, akageukia nyuso za wanakwaya. Chunusi, akasema, ni uchafu: wa mwili kwanza, na pengine wa mawazo. Kanisa likacheka. Mpwa wangu alikuwa amesimama safu ya pili, nikamwona anavyoinamisha uso.

Haya, tuulizane. Kiangazi, mitaa ya Kasulu na Kibondo hutimka vumbi jekundu mpaka kope zinabadilika rangi. Kijana wa bodaboda anashinda humo tangu alfajiri, anajifuta kwa kitambaa kisichojua sabuni, na uso wake hauna hata kipele. Binti wa bweni ananawa mara tano kwa siku, kidevu kimejaa. Uchafu umekosea nyumba? Kama vumbi lingeleta chunusi, wilaya mbili nzima zingekuwa nazo, wahubiri wakiwemo.

Chunusi huanzia ndani. Homoni za balehe huamsha tezi za mafuta, seli zilizokufa huziba kitundu cha kinyweleo, bakteria wanazaliana, ngozi inavimba. Sabuni inaishia juu. Sugua kwa dodoki mpaka damu itoke, kitundu kitabaki kimeziba vilevile. Halafu tunawe kwa maji gani? Mvua ikinyesha mabomba yanatoa tope. Wanaopenda sana usafi waanzie huko, mabinti watafuata.

Kuna na wale wa "ukiolewa zitaisha". Nawafahamu akina mama wa watoto wanne ambao bado wanasubiri ndoa iwatibu.

Kinachonichefua hasa ni kwamba imani hii inauza. Ukishaamini uso wako ni mchafu, utatafuta cha kuung'arisha. Mpwa wangu alinionyesha tyubu ambayo bweni zima linapaka. Mbele, picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani: klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, dawa ya magonjwa kama pumu ya ngozi. Inashusha uvimbe kwa siku chache, ndiyo maana inasifiwa. Ukiendelea nayo ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinarudi na ndugu zao, na muuzaji anakwambia ongeza tyubu nyingine. Vipodozi vya haidrokwinoni na zebaki vilishapigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ila mkorogo, ule mchanganyiko wa kung'arisha ngozi, bado unachotwa kwa kijiko.

Sisemi chunusi hazina dawa. Ipo benzoili peroksaidi, ambayo nchi nyingi huiuza bila cheti cha daktari, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Vibao vyetu navyo vimeandikwa "Duka la Dawa Muhimu". Ingia uiulizie, utaletewa sabuni ya kung'arisha. Ukiipata benzoili peroksaidi, ya asilimia 2.5 au 5 inatosha. Paka kidogo, eneo lote linalotoa chunusi, usiku. Ngozi itakauka kiasi, na foronya ya rangi itapata mabaka, kwa hiyo tandika nyeupe. Kisha subiri wiki 6 hadi 12. Hapo ndipo watu wanapoasi: mahindi yatakuwa yanatoa ndevu, nawe bado unapaka! Lakini mtu yuleyule amepaka klobetasoli mwaka mzima bila kulalamika.

Uvimbe mkubwa wenye maumivu, unaoacha makovu, huo ni wa daktari. Wataalamu wa ngozi ni wachache. Kituo cha kuwafundisha kipo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992, na kutoka Kibondo mpaka Moshi si safari ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana nang'ang'ania kaunta za huku. Siku hizi kila duka la dawa nikipita naulizia benzoili peroksaidi, hata nisipoihitaji, mpaka wachoke kunijibu "hamna" na waiagize.